Mapigo ya Chumba Namba Tisa

Hakuwa na gari. Hakuwa na bastola, maana aliirudisha siku aliyostaafu na kutia sahihi mara tatu. Hakuwa na msaidizi, wala simu ya maana, wala meno mawili ya juu upande wa kushoto. Mke hakuwa naye, huu mwaka wa sita, na binti yake wa pekee alikuwa mbali, mtu wa salamu za mwaka hadi mwaka. Hakuwa na wa kumwuliza kwa nini amechelewa kurudi. Na asubuhi ile alipoingia lango la uwanja wa mashindano ya farasi, hakuwa na jibu hata moja, na alipewa mpaka saa kumi na moja jioni awe nalo.

Bado watu walimwita Inspekta. Hicho alikuwa nacho.

Katibu wa kamati ya mashindano, mwanamume mwembamba aliyefunga tai mpaka shingo ikatoa mikunjo, alimpokea ofisini bila kumkaribisha kiti. Mezani palikuwa na mfuko wa plastiki, ndani yake bomba la sindano.

"Kesi hii imeshapikwa, Inspekta. Wewe ni wa kupakua tu."

"Nani kapika?"

"Mtunza farasi mmoja. Wanamwita Brashi."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Jana yake, saa tisa na nusu mchana, farasi jike aitwaye Shwari aliingia uwanjani kuruka vizuizi. Jina lilimfaa. Kwao watoto walikuwa wakipita chini ya tumbo lake na yeye anatafuna majani tu. Lakini jana aliingia ametoka jasho jeupe kama povu la sabuni. Kizuizi cha kwanza alikigonga, cha pili alikipa mgongo, kisha akatimka mpaka kwenye uzio na kumrusha dada aliyempanda. Dada huyo sasa amelazwa, mfupa wa mtulinga, hapa begani, umevunjika.

"Farasi mpole hageuki chui hivi hivi," Katibu alisema. "Kapewa kitu cha kumpandisha mori. Bomba hilo limekutwa kwenye ndoo ya Brashi, na mlinzi alimkuta ndani ya chumba cha farasi wakati haruhusiwi."

"Damu mmepima?"

"Imechukuliwa. Majibu ni baada ya wiki tatu. Kamati inakaa kesho saa tatu asubuhi."

"Kwa nini isingoje?"

"Watu wameona kwa macho yao. Wanataka kusikia kuna mtu kashikwa."

Inspekta alijua maana yake. Kamati ikimtia mtu hatiani, kadi yake ya kazi hukatwa kwa mkasi mbele yake, na hakuna banda la farasi litakalompokea tena maisha yake yote. Hata majibu ya damu yakija safi, mkasi utakuwa umeshapita. Brashi alikuwa na miaka hamsini na mbili, na kazi nyingine hakuijua.

"Na tukushukuru wewe," Katibu aliongeza, akinyoosha kidole ukutani. "Bila kanuni yako tusingemnasa."

Ilikuwa ndani ya fremu, chini ya kioo. *Kanuni ya sita: Kuanzia saa sita mchana siku ya mashindano, kila farasi atafungiwa peke yake katika chumba chenye kuta kamili na mlango mzima. Mtunzaji hataingia hadi farasi aitwe uwanjani.* Miaka miwili nyuma, farasi wawili walipokutwa wamelishwa dawa, kamati ilimwita Inspekta kuomba ushauri. Aliandika kanuni ile kwa mkono wake, akairudia mara nne, na banda jipya likajengwa kwa kuifuata. Sasa alisimama akaisoma tena, polepole, kama mtu anavyoitazama picha ya mwanawe aliyefaulu.

Kisha akaufungua mfuko. Bomba lilikuwa nene, la kushika kwa ngumi. Halikuwa na sindano, wala dalili ya kuwahi kufungwa sindano. Ncha yake ilikuwa imetafunwa. Aliandika hayo kwenye daftari lake, akalirudisha bomba mahali pake.

Mlinzi wa banda jipya aliitwa Sajenti ingawa jeshini hakuwahi kufika hata kwa kupeleka barua. Alikuwa na kitabu chake cha mlangoni na alikipenda.

"Kila anayepita namwandika, mzee. Hata paka."

"Nisomee ya jana."

"Saa sita kamili, milango yote imefungwa, funguo ninazo mimi. Saa saba na dakika ishirini, kocha wa timu pinzani, kofia nyekundu, amesimama mlango wa namba tisa. Saa nane na dakika arobaini na moja, sauti ndani ya namba tisa. Saa nane na dakika arobaini na tano, Brashi ametolewa."

"Alipitia wapi kama funguo unazo wewe?"

"Kidirisha cha nyuma, cha kupitishia majani. Mtu mzima kajipenyeza kama panya. Ningemwacha abaki huko kiuno kikiwa kimekwama, lakini kitabu hakina nafasi ya mambo hayo."

"Na sauti uliyoisikia?"

Sajenti alikuna kidevu. "Alikuwa anaimba. Kwa chini chini. Nilidhani redio."

Inspekta alimfuata kwanza mwenye kofia nyekundu. Timu ya kocha yule ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza baada ya Shwari kuharibu, na mtu wa namna hiyo lazima aulizwe. Alimkuta anakunja kamba nje ya banda la zamani.

"Ulitaka nini kwenye namba tisa?"

Kocha aliona haya. "Msalani."

"Msalani?"

"Milango yote ya banda lile ni mizima, mzee, huoni kilichomo. Nikadhani ndiyo vyoo vipya. Nikagonga."

"Uligonga mlango wa farasi."

"Kistaarabu kabisa. Kilichonijibu nusura king'oe ukuta, nikajua hapa si mahali pangu."

Sajenti alithibitisha kwamba kufuli halikuguswa, na kwamba kocha aliuliza njia ya choo akiwa amebana miguu. Inspekta alimfuta kwenye orodha. Lakini hakufuta maneno yake. Aliyapigia mstari: *hodi, saa saba na dakika ishirini.*

Brashi alikuwa nje ya lango kuu. Ndani hakuruhusiwa tena. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso wake umeelekea paa za mabanda, brashi ya kusugulia farasi mkononi ingawa hapakuwa na farasi wa kusugua.

"Umetumwa kunipima shingo, mzee?"

"Nimetumwa kuuliza. Bomba ni lako?"

"Langu. Halina sindano, sijui kama waliliona hilo. Namtilia maji kinywani."

"Maji gani?"

"Ya kwao. Na chumvi kidogo, na sukari. Ugenini hanywi huyu. Ukimletea ndoo anaitazama kama umemtukana." Aliinamia chini ya turubai akatoa dumu dogo. "Yaliyobaki ndiyo haya. Wachukue wakapime."

Inspekta alimimina kwenye kifuniko akanywa. Brashi alimkazia macho.

"Ukianza kuruka vizuizi uniambie."

Yalikuwa maji yenye chumvi na sukari. Inspekta aliyameza, akangoja kidogo kwa ajili ya haki, kisha akaandika.

"Kanuni ya sita uliijua?"

"Niliijua. Ipo kila ukuta. Lakini tangu saa sita nilikuwa nyuma ya banda nikimsikia. Kwato ukutani, kisha kimya, kisha kwato. Kwao analala na wenzake kumi na mmoja, mzee. Kuta zinawafika kifuani, kila mmoja anamwona mwenzake. Wakilala, mmoja anasimama macho, halafu wanapokezana. Ukimweka farasi peke yake ndani ya sanduku, hana wa kumlindia. Kazi yote ya kuogopa anaifanya yeye."

"Ungemwambia Katibu."

"Nilimwambia. Akanisomea ukuta." Brashi aligeuza brashi upande wa pili. "Aliyeandika ile kanuni hajafuga hata kuku."

Inspekta alikifunga kifuniko cha dumu, akakikaza zaidi ya ilivyohitajika.

"Watanikatia kadi?" Brashi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Sijui bado."

"Nikikatiwa, naomba mtu amwambie anayekuja baada yangu. Sikio la kulia asimguse kabla hajamsemesha."

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na ofisi yake ilikuwa nyuma ya chumba cha mizani, wanapopimiwa uzito wapanda farasi. Alisimama alipomwona mzee mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Nimeambiwa una karatasi za vipimo vya farasi."

"Ninazo tangu jana. Kamati waliniambia karatasi zangu ni za shule, si ushahidi."

Alikuwa anafanya utafiti. Alitaka kujua mahali pa mashindano panamfanya nini farasi: safari, kelele, chumba kigeni. Alikuwa na farasi ishirini, kwa idhini ya wenyewe. Kila mmoja alimpa kipande cha pamba atafune, mara nyumbani, mara hapa, kisha akapima mate yake kwa kimashine kilichokuwa mezani.

"Mwili ukiingiwa na hofu unamwaga kitu kwenye damu, na kwenye mate kinaonekana. Wewe unacho, mimi ninacho, farasi anacho. Hawa tisa waliokosa nafasi banda jipya wakakaa la zamani, lile la kuta fupi, kilipanda walipofika, baada ya saa mbili kikaanza kushuka. Hawa kumi na mmoja wa banda jipya kilipanda na hakikushuka."

"Wote?"

"Wote. Wengine kidogo, wengine sana. Shwari ni zaidi ya mara tatu ya anavyokuwa kwao. Sisemi ni kuta peke yake, baba. Kuna safari, kuna vipaza sauti. Lakini safari na vipaza sauti wamevipata wote ishirini."

Inspekta alivaa miwani. "Na dawa je? Dawa ya kumpandisha farasi mori isingeonyesha hivi hivi?"

"Kwenye mate, huenda. Ndiyo maana kuna hii." Alikunjua karatasi ndefu yenye mstari uliopanda na kushuka. Shwari alikuwa amefungwa mkanda kifuani tangu asubuhi ya jana, mkanda unaohesabu mapigo ya moyo na kuandika saa.

Inspekta alifungua daftari lake kando ya karatasi. Alikiweka kidole kimoja kwenye saa za Sajenti na kingine kwenye mstari.

"Saa sita kasoro?"

"Thelathini na nane kwa dakika. Ametulia."

"Saa sita mlango unafungwa."

"Saa sita na dakika nne, sitini. Saa saba, themanini na nne."

"Saa saba na dakika ishirini anagonga kocha."

"Mia na kumi."

"Brashi yuko wapi muda wote huu?"

"Nje. Hajaingia bado."

"Basi hofu ilianza zaidi ya saa mbili na nusu kabla mtuhumiwa hajaingia." Alisogeza kidole. "Saa nane na dakika arobaini na moja anaingia na bomba lake. Dawa ya kumpandisha farasi mori ikiingia hapo, mapigo yaende wapi?"

"Juu."

"Na yalikwenda?"

"Soma mwenyewe, baba."

Alisoma. Tisini na sita. Themanini. Sitini na moja. Hamsini na mbili. Kisha, saa nane na dakika arobaini na tano, mlango ukafungwa tena na Brashi yuko nje. Kufikia saa nane na hamsini mstari ulikuwa mia na nne, na haukushuka tena mpaka farasi alipoitwa uwanjani.

"Kwa hiyo hakuna alichompa," Inspekta alisema.

"Alimpa," daktari alijibu. "Alimpa dakika nne."

Mzee alikunja karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani. Angeweza kukomea hapo. Lakini miaka yake kazini ilimzoesha kutoamini jambo ambalo hajalikanyaga kwa miguu yake. Saa saba mchana alirudi kwa Sajenti. Shwari alikuwa amehamishiwa banda la zamani asubuhi ile, na namba tisa ilikuwa tupu.

"Nifungie humu mpaka saa nane."

Sajenti alicheka, kisha akaona mzee hatanii. "Nikuandike kitabuni?"

"Andika."

"Kama nani?"

"Kama aliyemo. Funga."

Komeo liligonga. Giza halikuwa zito. Mwanga uliingia kwa juu, kwenye upenyo wa paa, mahali ambapo mtu hawezi kuona kitu isipokuwa mwanga wenyewe. Sakafu ilikuwa na maranda mapya ya mbao, na kila kitu kilinuka dawa ya kusafishia. Hapakuwa na harufu ya mnyama yeyote, hata wa jana. Nyuma ya ukuta palikuwa na nguzo ya kipaza sauti. Fundi alikuwa anakijaribu kwa ajili ya mashindano ya kesho: moja, mbili, moja, mbili, halafu makofi ya kwenye kanda, halafu kimya. Hatua za watu zilikuja, zikapita, na kila moja aliingoja isimame. Hakuna iliyosimama.

Alianza kukagua. Ukuta wa kulia ulikuwa safi. Wa kushoto ulikuwa safi. Wa nyuma, chini ya kidirisha cha majani, ulikuwa na alama za kwato, nusu miezi zilizochimba rangi mpya. Alizihesabu: arobaini na tatu. Zote zilikuwa upande mmoja, upande ambao Brashi alikuwa amekaa jana yake akisikiliza.

Baada ya hapo hakuwa na la kukagua. Alisikia Sajenti akikohoa mbali, akajikuta anangoja akohoe tena. Makofi ya kanda yalirudi, makubwa, ya watu wasiokuwepo. Alitazama saa yake. Ilikuwa imepita robo saa.

Sajenti alipofungua, mzee alikuwa amesimama, kiganja kimoja ukutani, kwenye ukuta ule wa nyuma.

"Saa moja tu, mzee, na umelowa mgongo mzima."

"Andika na hilo," Inspekta alisema.

Katibu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. Kisha akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Nakwambia kama ndugu. Ukiandika hayo, umeandika kwamba kanuni ya sita ndiyo iliyomtia wazimu farasi. Kanuni ya sita ni yako. Kamati imejenga banda zima kwa maneno yako. Unadhani watakuita tena?"

"Hawataniita."

"Una kazi nyingine wewe?"

"Sina."

"Basi andika sentensi moja. Brashi aliingia chumbani kinyume cha kanuni. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Hutakuwa umesema uongo hata kidogo. Tarishi anapita saa kumi na moja kupeleka barua kwa Mwenyekiti. Kaa hapo, karatasi hiyo."

Inspekta aliichukua karatasi lakini hakukaa pale. Alikwenda kwenye chumba cha mizani, kilichokuwa tupu saa ile, akaandika kwa kusimama, kwa mwandiko wake wa shule ya usiku, kila herufi imeketi juu ya mstari.

*Kwa Mwenyekiti. Nilitumwa kumtafuta aliyempa dawa farasi Shwari. Mtunzaji aitwaye Brashi aliingia chumba namba tisa kinyume cha kanuni ya sita. Bomba alilokuwa nalo halina sindano na lilikuwa na maji, chumvi na sukari. Niliyanywa. Karatasi ya mapigo, ambayo nimeiambatanisha, inaonyesha farasi alianza kuhangaika dakika nne baada ya kufungiwa peke yake, akatulia mtunzaji alipoingia, na akahangaika tena mtunzaji alipotolewa. Farasi wengine kumi wa banda hilo wako hali moja naye kwa kiasi tofauti. Tuliogopa mtu asimpe farasi kitu, tukamnyang'anya alichokuwa nacho. Kadi ya Brashi isikatwe. Kanuni ya sita ifutwe kabla ya mashindano ya kesho. Kosa hili lina mwenyewe, na mwenyewe ni mimi niliyetia sahihi hapa chini.*

Alisoma mara moja. Mara hii hakuandika rasimu ya pili.

Saa kumi na moja kasoro dakika tano Katibu alikuwa langoni, mkono ameunyoosha. "Lete nikaipitie."

"Imeandikwa kwa Mwenyekiti."

Alisema hivyo huku akilamba gundi. Akaukunja mdomo wa bahasha, akaubonyeza kwa kidole gumba kutoka kushoto kwenda kulia, akatia sahihi yake juu ya mshono, nusu kwenye mdomo na nusu kwenye bahasha, kama alivyofundishwa kufunga ushahidi. Katibu aliutazama mshono, akaurudisha mkono wake mfukoni.

Tarishi alisimamisha baiskeli hatua mbili kutoka ilipokuwa ndoo ya Brashi. Alifungua mfuko wa ngozi, akatoa daftari lake, akalamba ncha ya penseli.

"Inatoka kwa nani, mzee? Niandike Inspekta?"

"Andika, kutoka kwa aliyeandika kanuni ya sita."

Penseli ilikwenda polepole. Brashi aliacha kuigeuza brashi yake. Alimtazama mzee kwa muda, toka viatu mpaka kofia.

"Hata kuku?" aliuliza.

"Hata kuku," Inspekta alijibu.

Tarishi aliitia bahasha mfukoni, akafunga kamba mbili za mfuko, akaipiga kengele ingawa barabarani hapakuwa na mtu, akaondoka nayo.